Gaskiti ya hedi imeungua mara mbili: ninunue orijino, hedi ya eks-Japani au injini nzima?

"Nina Isuzu NKR ya zamani, injini ya 4JB1 isiyo na tabo. Naitumia kubeba chumvi kutoka Gongoni na Marereni kuja Malindi, na mara mojamoja mawe ya kujengea. Tangu mwaka uanze nimebadilisha gaskiti ya hedi mara mbili. Ya kwanza ilidumu kama miezi mitatu, ya pili haikumaliza mwezi. Nikibeba mzigo sindano ya joto inapanda, maji yanatupwa kwenye chupa ya akiba, na asubuhi gari likiwaka linatoa moshi mweupe. Fundi alitoa thamostati, akasema kwetu kuna joto, haina kazi. Maji tunatia ya kisima. Sasa ananiambia gaskiti zote mbili zilikuwa feki, nitafute orijino, na nikiweza ninunue hedi ya eks-Japani, yaani iliyotumika Japani. Dukani Mombasa nimepewa bei tatu za gaskiti, ya juu karibu mara nne ya ile ya chini. Mwingine anasema niachane na injini hii, ninunue nzima ya eks-Japani. Ninunue nini, na kazi ifanywe hapa Malindi au nipeleke Mombasa?"

Ndugu yangu, umeuliza mambo matatu kwa pamoja, na yote yanategemea swali ambalo hakuna aliyekuuliza: hedi (kichwa cha injini kinachofunika silinda) na bloki (mwili wa injini wenye silinda) zimepimwa? Katika maelezo yako sijaona mahali fundi alipoweka rula juu ya hedi. Kwa hiyo wiki hii usinunue kitu, hata gaskiti. Pesa ya kwanza itoke kwa kupima. Vipimo ndivyo vitakavyokuambia utafute gaskiti ya unene gani, na kama hedi yako bado ni hedi au ni chuma cha kuuzwa kwa kilo.

Kinachonizuia kuikubali haraka habari ya feki ni jinsi gaskiti zenyewe zilivyoondoka. Feki zipo, na nyingi, lakini ya kwanza kudumu miezi mitatu na ya pili wiki chache tu ni dalili ya ubovu unaokua. Kila gari linapochemka hedi hupinda kidogo zaidi, na gaskiti inayofuata hukuta pahali pabaya kuliko ile iliyotangulia. Ukiweka orijino ya bei ya juu juu ya hedi iliyopinda, utapata wiki kadhaa za furaha na hasara kubwa zaidi.

Gaskiti ya hedi inazuia vitu vitatu visikutane: moshi wa mwako, maji na oili. Injini yako haina plagi ya cheche. Inaibana hewa mpaka ipate joto la kuwasha dizeli, na 4JB1 inaibana kwa uwiano wa 18.2 kwa 1. Presha hiyo inataka kuinua hedi kila mlipuko. Kinachoishikilia ni boliti. Ukizikaza zinavutika kidogo, na mvuto huo ndio unaobana gaskiti. Sasa injini ikichemka, chuma cha hedi kinavimba kupita kiasi, gaskiti inabanwa kuliko inavyostahimili, kisha injini ikipoa hedi inarudi chini lakini gaskiti hairudi unene wake. Pale ilipobonyea pana nafasi ya unywele. Moshi wa mwako unapenya kuingia kwenye maji, unafanya mapovu, mapovu yanasukuma maji nje kwenye chupa ya akiba, na mahali palipokuwa na maji panabaki hewa. Hewa haibebi joto. Ndiyo maana gari linachemka kwa sababu gaskiti imeungua, na gaskiti imeungua kwa sababu gari lilichemka. Ukibadilisha gaskiti bila kujua lilichemkia nini mara ya kwanza, umekata mduara mahali pamoja tu, nao utajiunga tena.

Kabla ya kufungua chochote, hakikisha ugonjwa ndio huu. Injini ikiwa imelala usiku kucha na imepoa kabisa, fungua kifuniko cha rejeta, jaza maji mpaka mdomoni, washa. Mapovu yakianza kupanda dakika za mwanzo kabla maji hayajapata moto, na yakizidi ukikanyaga mafuta, ni moshi wa mwako huo. Shika pia mpira wa juu wa rejeta: ukiwa mgumu kwa presha na injini bado ya baridi, jibu ni lilelile. Kuhusu moshi mweupe wa asubuhi, usiufanye ushahidi peke yake. Moshi mweupe unaowasha macho na kunuka dizeli ni mafuta yasiyoungua, na chanzo chake huwa plagi za kupashia moto zilizokufa au nozeli (inayopulizia dizeli kwenye silinda) inayodondosha. Moshi wa maji hauwashi macho, na unakwenda pamoja na maji kupungua bila kuonekana yanakovujia. Chomoa kijiti cha oili vilevile. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, gari lisiwashwe tena hata mara moja, kwa sababu oili ya namna hiyo inakula beringi za krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), na hapo hesabu inabadilika kabisa.

Tuje kwenye thamostati, kwa sababu hili limeenea pwani nzima na limeua injini nyingi. Mantiki ya fundi inaonekana safi: kizuizi kikitoka, maji yatapita mengi. Lakini injini hii ina njia ya mkato ambayo maji ya moto huifuata kurudi kwenye pampu bila kupita rejeta, ili injini ipate joto haraka asubuhi. Thamostati ndiyo inayosimamia mgawanyo huo. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani ya injini wakati wote, hata ile saa ambayo ungetaka yote yapite kwenye rejeta. Matokeo yake gari likiwa tupu linatembea baridi mno, dizeli haiungui vizuri na oili inachafuka upesi. Likibeba mzigo linachemka. Rudisha thamostati. Ya 4JB1 huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 na kufunguka yote kwenye 95; namba ya kuanzia imegongwa kwenye shaba yake. Kabla ya kuifunga ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto, isiguse chini, uangalie inapoanza kufunguka. Nyingine mpya kutoka dukani hazifunguki kabisa, na ni bora ulijue hilo ukiwa jikoni kuliko ukiwa Mambrui na mzigo. Ile tundu ndogo yenye kijipini kinachochezacheza ikae juu, ndiyo inayotoa hewa wakati wa kujaza maji.

Maji ya kisima ndiyo mshukiwa wangu mkubwa wa kosa la kwanza kabisa. Ardhi ya Malindi ni mawe ya matumbawe, na visima vyake vina chokaa na chumvi kwa pamoja. Chokaa inaganda kwenye kuta za silinda na ndani ya mirija ya rejeta kama inavyoganda ndani ya birika, na utando mwembamba tu unatosha kuzuia joto lisitoke kwenye chuma kuingia kwenye maji. Chumvi nayo inakula: mabawa ya pampu ya maji, vifuniko vya bloki, na kingo za matundu ya maji kwenye hedi, palepale gaskiti inapokaa. Tumia maji ya mvua au yaliyochujwa ya dukani. Ya mfereji ni afadhali kuliko ya kisima. Mvua ya kwanza ya msimu iache ioshe paa kwanza, mabati ya karibu na bahari yanakuwa na chumvi. Changanya na kulanti theluthi moja mpaka nusu. Hatuogopi barafu hapa, dawa iliyomo ndani ya kulanti ndiyo tunayoitaka, ile inayozuia kutu, na pia inapandisha kidogo kiwango cha maji kuchemka. Soma dumu kabla ya kununua. Mengine yameshachanganywa na maji tayari, ukiyachanganya tena unabaki na rangi, na mengine ni rangi tangu kiwandani.

Kazi yako ya chumvi inakula rejeta kwa nje pia. Zile karatasi nyembamba katikati ya mirija ndizo zinazotoa joto, na unga wa chumvi ukichanganyika na umande unazila polepole. Zisugue kwa kidole. Zikimomonyoka au zikiwa zimeachana na mirija, rejeta hiyo haifai hata kama haivuji tone. Kama ni ya shaba na nje bado nzima, mpelekee fundi wa rejeta aitoe matangi na kuirodi, yaani kupitisha fimbo ndani ya mirija; kumwaga dawa ya kusafishia na kusuuza hakutoi chokaa ya miaka. Kama ni ya alumini yenye matangi ya plastiki, mara nyingi ni kununua nyingine, na kwa gari la chumvi nakushauri ya shaba ukiipata. Kifuniko cha rejeta ni kitu cha bei ndogo ambacho watu hukidharau: kimeandikwa 0.9 au 1.1, hiyo ndiyo presha kinayoshika, na kikilegea maji yanachemka mapema. Weka kipya chenye namba ileile ya mwanzo. Kagua mkanda wa feni, na kama feni yako ina kikombe cha mafuta mazito katikati, izungushe kwa mkono injini ikiwa imezimwa na bado ina moto. Ikizunguka kwa ulaini kama haijashikwa na kitu, haivuti hewa ya kutosha.

Sasa hedi ishuke. Injini iwe imepoa kabisa, usiku mzima, na boliti zilegezwe kidogokidogo kuanzia nje kuja katikati. Hedi iliyofunguliwa ingali na moto hupindia mikononi mwa fundi. Ikishatoka, usiitupe gaskiti ya zamani. Ilaze mezani uisome: mstari mweusi unaotoka kwenye duara la silinda kwenda kwenye tundu la maji unaonyesha moshi ulipopita. Mstari ukiwa kati ya silinda mbili zilezile ulizoona kwenye gaskiti ya kwanza, kasoro iko kwenye chuma, na haijalishi gaskiti ilitoka nchi gani.

Vipimo ni vitatu, na kila kimoja kina sababu yake.

Cha kwanza ni unyoofu wa hedi. Rula ya chuma ya karakana, si kipande cha fremu ya dirisha, inalazwa kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari mara mbili, na fila geji (visahani vyembamba vya kupimia nafasi) inajaribiwa chini yake. Kwa injini za aina hii 0.05 ya milimita au chini yake ni nzuri. Ikizidi hapo lakini haijafika 0.20, hedi inaweza kuskimiwa, yaani kunyooshwa uso kwa mashine. Ikizidi 0.20, andaa pesa ya nyingine. Bloki nayo ipimwe vivyo hivyo.

Cha pili ndicho kinachosahauliwa kuliko vyote: laina. Silinda za 4JB1 zina laina nyembamba za chuma, yaani mirija iliyovishwa ndani ya silinda, na midomo yake inatakiwa iwe sawa na uso wa bloki au iuzidi kidogo, kuanzia 0 mpaka 0.1 ya milimita, na laina mbili zilizo jirani zisipishane zaidi ya 0.03. Mdomo huo ndio unaobana ile pete ya chuma ya gaskiti. Laina moja ikizama, pete yake haibanwi, na gaskiti yoyote utakayoweka itaungulia hapo. Nikiulizwa nibahatishe tatizo lako kwa mbali, ningeweka hili karibu kabisa na hedi iliyopinda. Rula peke yake haitaliona vizuri. Panahitajika geji ya saa (kipimo chenye mshale kama wa saa) yenye kikalio, na hapa ndipo fundi wa chini ya mwembe anapomwachia mtu wa mashine, bila aibu yoyote.

Cha tatu ni nyufa. Hedi ya chuma cha kalibu iliyochemka mara kadhaa hupasuka katikati ya vali mbili au kuelekea tundu la nozeli, na ufa huo ukipoa hauonekani kwa macho. Matundu ya maji yanazibwa, hedi inatiwa maji ya moto yenye presha ya takriban kilo 5 kwa sentimita ya mraba, inaachwa dakika 3. Kupaka wino na kupangusa ni bora kuliko kutofanya chochote, lakini si badala ya presha. Presha ipimwe kabla ya kuskimu, usije ukalipia kunyoosha hedi iliyopasuka.

Kuhusu kuskimu kuna dhana moja niirekebishe. Watu wa petroli husema hedi ikiskimiwa kompresheni inapanda. Hedi ya 4JB1 ni bapa, chumba cha mwako kiko kwenye kichwa cha pistoni, kwa hiyo kompresheni haibadiliki kwa kuskimu hedi. Kinachobadilika ni kwamba vali zinasogea kuelekea pistoni na ncha za nozeli zinachomoza zaidi. Mwambie wa mashine aondoe kiasi kidogo kabisa kinachonyoosha, akuandikie ni kiasi gani, kisha apime vali zimezama kiasi gani na azikate viti kama zimekaribia. Kuskimu bloki ndiko kunakopandisha pistoni, na hapo gaskiti lazima ibadilike unene.

Ndipo tufike kwenye gaskiti. Za 4JB1 zinatengenezwa kwa unene wa aina tatu, zikipishana kwa sehemu ndogo sana ya milimita. Zinatofautishwa kwa alama zilizokatwa pembeni. Kinachochagua unene ni urefu ambao pistoni inachomoza juu ya bloki ikifika mwisho: pistoni ikichomoza sana, gaskiti nene, ikichomoza kidogo, nyembamba. Nene isipohitajika, injini inakuwa nzito kuwaka asubuhi na inatoa moshi. Nyembamba kuliko inavyotakiwa, pistoni inaweza kubusu vali. Kwenda dukani na gaskiti ya zamani kama sampuli ni desturi nzuri, ila inafaa tu ikiwa ile ya zamani ilikuwa sahihi na bloki haijaguswa. Katika hali yako hatujui kama aliyenunua ya kwanza alijua kuwa kuna aina tatu.

Zile bei tatu ulizopewa, kwa kawaida maana yake ni hii. Ya juu ni ya Isuzu wenyewe. Ya kati ni ya watengenezaji wanaoheshimika wa Japani au Taiwani wanaouza kwa majina yao. Ya chini haina mwenyewe. Kwa injini ya umri huu, ya kati yenye jina la mtengenezaji na unene unaolingana na vipimo inanitosha. Orijino ni nzuri kama mfuko unaruhusu. Ya chini niondolee. Orijino nayo ina feki zake, kwa sababu kinachoigwa ni boksi. Namba ya spea ya Isuzu ina tarakimu kumi, kwa gari dogo kama lako mara nyingi inaanza na 8. Ilinganishe na ile atakayokupa wakala baada ya kumtajia namba ya chesisi na ya injini. Kisha toa gaskiti yenyewe ndani ya boksi: pete za silinda ziwe laini bila vijinyoya, matundu ya maji yakatwe safi, maandishi yasitoke kwa kidole. Ishike juu ya hedi yako na uhakikishe kila tundu linaonekana. Ile seti ya gaskiti za injini nzima inayouzwa rahisi chukua tu kwa ajili ya kifuniko cha juu na za pembeni. Ya hedi nunua peke yake.

Nunua pia boliti mpya za hedi. Hizo zako zimeshavutwa mara mbili juu ya ule mvuto wa kiwandani, na boliti iliyochoka inakazika vizuri kabisa kwa mkono, lakini haibani. Ukitaka ushahidi zipange wima kwenye kioo uone zinavyopishana urefu. Ongeza washa za shaba za nozeli na mipira ya maji. Hizo hazirudiwi.

Hedi yenyewe? Ikipita presha na ikiskimika, baki na yako. Historia yake unaijua. Ikiwa imepasuka, ningenunua mpya ya Taiwani au ya China ya jina linaloeleweka kabla ya ile ya eks-Japani. Injini hii imetengenezwa kwa leseni China kwa miaka mingi, kwa hiyo hedi zake mpya zipo kwa wingi, ingawa viti vya vali na miongozo yake vinafaa vikaguliwe na mtu wa mashine kabla ya kufungwa. Eks-Japani inaweza kuwa chuma bora zaidi, tatizo ni kwamba unanunua usichokijua: huenda ilitolewa kwenye gari lililochemka kama lako. Ukiichukua, risiti iandikwe kwamba inakwenda kupimwa presha na ikivuja inarudi. Muuzaji akikataa sharti hilo, amekujibu. Angalia pia herufi zilizo kwenye chuma. Hedi ya 4JG2 inaweza kumchanganya asiyeijua, kumbe ile ina vyumba vya mwako ndani ya hedi na haifai kwako hata kidogo.

Injini nzima ningeifikiria kwa hali mbili tu: laina zimelika au zimezama kiasi cha kuhitaji kazi kubwa ya bloki, au oili imeshaingia maji na krenki imeumia. Kipimo cha haraka ni kufungua kifuniko cha kutilia oili injini ikiunguruma. Ikipumua moshi kwa mapigo na oili inapungua kati ya safari, ringi (pete za pistoni) zimekwisha, na hedi mpya juu ya ringi zilizokwisha ni pesa ya kutupa. Ukifikia kubadilisha injini, risiti iwe na namba yake na ubadilishe kumbukumbu NTSA, mamlaka ya usafiri ya Kenya, ili logibuku ilingane, la sivyo utasumbuka kwenye ukaguzi na siku ya kuuza.

Kufunga kunaweza kufanywa Malindi na fundi wako huyohuyo, maadamu ana spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza) na subira. Kupima laina, presha na kuskimu kupelekwe kwenye karakana yenye mashine hizo, iwe hapa au Mombasa. Piga simu kwanza uulize: mnapima presha kwa maji ya moto? Mnaandika kiasi mlichotoa? Mnapima kuzama kwa vali? Hedi isafiri imefungwa gunia safi juu ya mbao, uso usiguse kitu, wala isilazwe kwenye sakafu ya lori lililobeba chumvi. Ikitoka kwenye mashine ipakwe oili papo hapo, maana uso ulioskimiwa ukilala usiku mmoja wazi kwa hewa ya bahari unaamka na kutu.

Kwenye kufunga, mambo yanayoharibika ni haya. Matundu ya boliti kwenye bloki yasafishwe na kukaushwa mpaka chini. Maji au oili ikibaki humo, boliti inabana kimiminika badala ya hedi, na bloki inaweza kupasuka. Uso wa bloki ukwanguliwe kwa mkono, jiwe la mashine ya kusagia lisikaribie. Gaskiti ikae kavu, upande wenye alama ya juu uelekee juu, bila silikoni. Nyuzi za boliti na chini ya vichwa vyake vipakwe oili ya injini. Kukaza kunaanza katikati kwenda nje kwa mzunguko: awamu ya kwanza kilo-mita 5, yaani Nm 49, awamu ya pili kila boliti izungushwe nyuzi (digrii) 60 mpaka 75, ya tatu nyuzi 60 mpaka 75 tena. Weka alama ya rangi kwenye kila kichwa cha boliti ili uone imezunguka kiasi gani. Boliti zinazokazwa kwa digrii hazirudiwi kukazwa baada ya safari chache, hata fundi akizoea kufanya hivyo kwa injini nyingine. Nafasi ya vali isetiwe 0.40 ya milimita, injini ikiwa baridi, zote za kuingiza na za kutoa. Kama maji yaliingia ndani ya silinda, zungusha injini kwa mkono kabla ya kufunga nozeli, kwa sababu maji hayabaniki na fimbo ya pistoni itapinda.

Jaza maji polepole, hita ikiwa imefunguliwa kama gari linayo, acha injini iungurume bila kifuniko mpaka thamostati ifunguke na kiwango kishuke, kisha ongeza. Asubuhi inayofuata rudia lile jaribio la mapovu. Safari za kwanza za Gongoni beba nusu mzigo na kagua maji kila unapofika, injini ikiwa imepoa. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe moto, mvuke wake unachuna ngozi. Ikiwa kila kitu kimepimwa, mapovu hakuna, rejeta ni safi, na bado sindano inapanda ukibeba, simamisha gari umwite fundi wa pampu za dizeli. Taimingi ya pampu (wakati wa kupuliza dizeli) iliyowekwa mbele kupita kiasi, au pampu iliyofunguliwa ili itoe mafuta mengi gari livute zaidi, inapasha joto vichwa vya pistoni kuliko rejeta yoyote inavyoweza kupoza. Akija, mwambie aanze na taimingi kabla ya kugusa kiasi cha mafuta.